Kikundi cha ukoo: Mama Salha anaingia thieta

*Jumatatu jioni*

Salha: Shikamooni. Mama ameshasaini fomu ila ameingia hofu. Kaambiwa akishalala watampitishia mpira kooni wa kuangalia moyo. Anauliza, si kifua kinafunguliwa? Kooni tena kuna nini?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Rehema, wewe ndiye unayeshinda thieta, hebu tueleze.

Da Rehema: Shikamoo Shangazi. Pole Salha. Ni kipimo kileile cha moyo, eko, alichopimwa kifuani kwa jeli, mawimbi ya sauti tu, hakina mionzi. Ila ya kifuani inakwazwa na mbavu na hewa ya mapafu, na kesho hapo mbele ndipo penye kisu. Umio, yaani njia ya chakula, umepita nyuma ya moyo kabisa, umegusana na chumba cha juu cha kushoto. Valvu mbovu ya Mama ndiyo mlango wa chumba hicho. Kutokea nyuma inaonekana vizuri ajabu.

Da Rehema: Na mpira unapita akiwa amelala fofofo, hatahisi. Muulize: chakula humkwama akimeza? Amewahi kutapika damu? Ana jino linalocheza?

Salha: Kumeza sawa, damu hapana. Ila ana meno mawili ya bandia ya mbele.

Da Rehema: Ayavue, na daktari wa usingizi aambiwe usiku huuhuu. Usingoje asubuhi.

Kaka Nassoro, Maskati: Lakini wakishafungua si wanaiona valvu kwa macho?

Da Rehema: Wanaiona kaka, ila moyo umesimama, hauna damu. Wanaujaza maji ya chumvi kuona kama valvu inavuja, na hapo inaweza kuonekana imeshika vizuri. Moyo ukianza kupiga ndipo inajulikana. Kwenye skrini damu inayorudi nyuma inaruka rangi rangi, huwezi kuikosa. Tena presha inapandishwa kwanza kwa dawa, maana usingizi huishusha, na presha ikiwa chini uvujaji unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Wanatafuta pia viputo vya hewa vilivyobaki ndani ya moyo, maana kikikimbilia kwenye ubongo ni kiharusi. Mimi hapo huwa nabana pumzi kila mara.

Shangazi: Tumwombee jamani.

*Jumanne*

Baba Mdogo: Saa 9 hii, kimya. Walisema saa 7 atakuwa ametoka.

Salha: Da Rehema?? Mikono inanitetemeka.

Da Rehema: Kuchelewa peke yake si habari mbaya mdogo wangu. Kaa na Baba Mdogo hapo.

Baba Mdogo: Daktari ametoka! Nimeandika alivyosema. Waliitengeneza valvu, wakashonea pete. Moyo ulipoanza kupiga, eko ikaonyesha damu nyingi bado inarudi nyuma. Wakamrudisha kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, wakaitoa ile valvu, wakaweka ya chuma. Wameangalia tena kwenye eko, wameridhika. Anapelekwa ICU.

Shangazi: Alhamdulillah. Nalia huku.

Salha: Kwa hiyo wasingeangalia, wangemfunga hivyohivyo?

Da Rehema: Wangemfunga na uvujaji wake, na kukatika pumzi kungerudi palepale. Valvu iliyoharibiwa na homa ya koo ya utotoni inakuwa ngumu kama ngozi kavu, kuitengeneza ni kazi nzito, msiwalaumu. Sasa tujipange: valvu ya chuma inataka dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kupima damu mara kwa mara.

Kaka Nassoro, Maskati: Dawa na vipimo niachieni mimi.

*Alhamisi*

Salha: Mama ameongea! Sauti imekwaruza. Analalamikia koo kuliko kifua, na anataka uji.

Da Rehema: Koo litapoa siku mbili tatu, mpira wa pumzi na wa eko yote ilipita hapo. Akimeza ikamchoma sana kifuani, au akitema damu, aitwe muuguzi papo hapo. Uji asubiri waruhusu.

Salha: Anauliza meno yake yako wapi.

Baba Mdogo: Ninayo mimi, kwenye bahasha, mfuko wa koti. Nakuja nayo.