Kunyamazisha jeni kwa wiki tatu: lentivirusi, AAV au RNA fupi?

Darubini: Ndugu wataalamu, ninataka kupunguza utendaji wa jeni moja katika seli za neva zilizooteshwa maabara, na athari hiyo idumu wiki tatu. Nimelinganisha RNA fupi (zinazozuia jeni isitengeneze protini) zinazoingizwa kwa lipidi, yaani mafuta, na vekta za lentivirusi, yaani virusi vilivyogeuzwa kuwa vibebaji vya jeni, lakini sijaamua.

Pipeti: Muda huo ndio unaoamua. RNA fupi hufanya kazi kwa siku chache katika seli zinazogawanyika, kwa kuwa kila mgawanyiko huipunguza, na ijapokuwa hudumu zaidi katika seli za neva, seli hizo huvumilia lipidi kwa shida. Lentivirusi hufika hadi kwenye kiini cha seli isiyogawanyika na kupachika maagizo yake katika DNA, hivyo RNA ya kunyamazisha huendelea kutengenezwa. Ningechagua hiyo.

Kromosomu: Nakubali, ila vekta hujipachika mahali ambapo mtafiti hakupachagua, mara nyingi ndani ya jeni zinazofanya kazi, na seli ikipokea nakala nyingi matokeo huwa magumu kufasiri. Kwa seli zinazogawanyika mimi hutumia chembe ambukizi 0.3 kwa kila seli: ni takribani robo tu ya seli zitakazopokea vekta, lakini nyingi kati yake hupata nakala moja, kisha dawa ya puromaisini, ambayo vekta hubeba kinga dhidi yake, huua zisizopokea. Kwako wewe, pima nguvu ya virusi kwenye seli zilezile utakazotumia. Kipimo cha p24, protini ya ganda la virusi, huhesabu hata chembe zisizoweza kuambukiza; nilikiamini nikapoteza miezi miwili.

Darubini: Na AAV, ile vekta inayotokana na virusi vidogo vinavyoambatana na adenovirusi, je?

Pipeti: Hubeba nyukleotidi (herufi za DNA) 4,700 hivi tu, lakini maagizo yako ni mafupi, kwa hiyo yatatosha. Kwa kawaida haijipachiki katika DNA, na kwa seli zisizogawanyika hilo si hasara. Jaribu aina kadhaa za ganda la protini la virusi, kwani linalofaa ndani ya mnyama huenda likashindwa katika seli zilizooteshwa.

Kimeng'enya: Vekta yoyote utakayochagua, tumia angalau RNA mbili tofauti dhidi ya jeni hiyo, pamoja na moja isiyolenga jeni yoyote. Halafu rudisha jeni iliyobadilishwa kidogo ili RNA isiitambue. Dalili zikitoweka, ndipo utakapojua kwamba zilitokana na jeni hiyo. Lentivirusi za maabara hazizaliani, kwa kuwa jeni za kuzitengeneza hutenganishwa katika plasmidi (vipande vya DNA vya mviringo) tofauti, lakini bado zinaweza kuambukiza seli za binadamu. Jeni yako ikiwa miongoni mwa zile zinazozuia saratani, ongeza tahadhari kabla hujagusa chupa ya kwanza.