Kwa nini wimbi la mita 1.8 linaogopwa kuliko la mita 2.2 pale Teahupo'o?

Bahati wa Himbi, Goma

Wandugu, salamu kutoka Goma. Tangu mashindano ya Olimpiki ya kuteleza juu ya mawimbi yafanyike Teahupo'o, kisiwani Tahiti, mwaka 2024, mpwa wangu hufungua kurasa za utabiri wa bahari kila asubuhi, na mimi nimejikuta nikizisoma pamoja naye bila kuzielewa vizuri. Juzi ukurasa mmoja ulitabiri, kwa siku ya kwanza, mawimbi ya mita 2.2, sekunde 8, kutoka kusini-mashariki, pamoja na upepo wa fundo 18 kutoka upande huo huo. Kwa siku ya tatu ulitabiri mita 1.8, sekunde 16, kutoka kusini-magharibi, na upepo wa fundo 5 tu wa kaskazini-mashariki. Siku ya kwanza ilipewa alama ya chini kabisa, ilhali ya tatu ilisifiwa sana na kuwekewa onyo kwamba asiye na uzoefu asithubutu kuingia majini.

Mimi huvuka Ziwa Kivu kwenda Idjwi na Minova kwa biashara, na kwetu abiria hesabu ni moja: kimo cha wimbi kikipanda, hatari nayo inapanda. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze hizo sekunde ni za nini, upepo unaingiaje katika hesabu hiyo, na kama kurasa hizi zinaweza kutusaidia sisi wa Kivu.

Mwalimu wa Fizikia, Bukavu

Ndugu Bahati, katika mstari wa utabiri kama huo kimo ndiyo tarakimu ninayoisoma mwisho. Ya kwanza ni sekunde, yaani muda unaopita kati ya mgongo wa wimbi moja na mgongo wa wimbi linalofuata mahali pamoja. Tarakimu hiyo inakuambia wimbi lilizaliwa wapi na limebeba nini.

Sekunde 8 ni wimbi changa, lililosukumwa na upepo wa karibu ambao bado unavuma. Sekunde 16 ni wimbi lililotoka kwenye dhoruba kubwa za bahari ya kusini, kati ya New Zealand na Antaktika, likaachana na upepo uliolizaa na kusafiri peke yake kwa siku kadhaa. Katika maji ya kina kirefu urefu wa wimbi, kutoka mgongo hadi mgongo, ni takriban 1.56 mara sekunde zake zikizidishwa kwa zenyewe. Kwa hiyo wimbi la sekunde 8 lina urefu wa mita 100 hivi, na lile la sekunde 16 lina karibu mita 400. Zidisha sekunde maradufu, urefu unakuwa mara nne.

Wimbi huanza kuhisi sakafu ya bahari pale kina kinapokuwa nusu ya urefu wake, maana yake lile changa linaihisi kwenye mita 50 na lile la mbali kwenye mita 200. Sasa tazama umbo la Teahupo'o. Pale hakuna ufuo unaoteremka polepole. Kuna ukuta wa matumbawe unaoinuka ghafla kutoka kwenye maji ya kina kirefu mpaka mahali ambapo maji hayamfiki mtu kifuani. Wimbi refu linafika likiwa bado na mwendo mkubwa, sehemu yake ya chini inazuiwa na mwamba, ya juu inaendelea, na maji yote yaliyokuwa yametandazwa katika mita 400 yanalazimika kurundikana juu. Hapo mita 1.8 za kwenye ukurasa zinakuwa nyingine kabisa, kwa sababu utabiri unatoa kimo cha bahari wazi na si cha juu ya mwamba.

Hata kwa nguvu tupu utaona tofauti. Kanuni ya makadirio ni nusu ya kimo kilichozidishwa kwa chenyewe, mara sekunde, na jibu ni kilowati kwa kila mita ya upana wa wimbi. Siku yako ya kwanza ilikuwa na kilowati 19 hivi. Ya tatu 26. Wimbi dogo kwa macho ndilo lililokuwa zito.

Jambo moja zaidi kuhusu kimo: tarakimu hiyo ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa kuliko mengine, wala si kimo cha kila wimbi. Katika saa chache za kukaa majini, mtu ategemee kukutana na wimbi linalokaribia maradufu ya kilichoandikwa.

Mzee wa Kasumbalesa, Lubumbashi

Mwalimu amesema vizuri kuhusu maji, nami naomba kuongeza upepo, kwa kuwa niliishi miaka mingi Dar es Salaam nikishughulikia mizigo ya bandarini na nilijifunza kwa wavuvi wa kule.

Kwanza, ndugu Bahati, hakikisha unasoma upande sawasawa. Upepo na mawimbi vyote hutajwa kwa upande vinakotoka. Tatizo ni mishale, kwa sababu kurasa nyingi huchora mshale unaoelekea kule upepo unakokwenda, na msomaji akiuchanganya na herufi anapata kinyume cha ukweli. Nakushauri ufuate herufi, na kama ukurasa ni wa Kifaransa ukumbuke kwamba O ni magharibi.

Teahupo'o iko upande wa kusini-magharibi wa rasi ya Tahiti. Upepo wa kaskazini-mashariki hapo unatoka nchi kavu kwenda baharini, unakutana na wimbi uso kwa uso, unalizuia lisianguke mapema, na uso wake unabaki laini. Upepo wa kusini-mashariki, ambao watu wa Tahiti huuita *maraamu*, unapokaza huja na mawimbi yake mafupi, nayo yanapanda juu ya yale marefu na kuyavuruga. Hiyo ndiyo siku yako ya kwanza: kimo kipo, lakini ni maji yaliyochafuka yasiyo na mpangilio. Ukiwa na fundo 18 usidharau. Fundo moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.85, kwa hiyo hapo una zaidi ya kilomita 33 kwa saa.

Saa nayo ina maana yake. Usiku milima hupoa na hewa huteremka kuelekea baharini. Wavuvi wa pwani yetu ya mashariki huita upepo huo wa alfajiri umande, na ndio wanaotoka nao. Jua likishapanda, mwendo unageuka. Ndiyo maana watelezaji wengi huingia majini kukipambazuka, hata kama wastani wa siku nzima unaonekana mbaya. Ukitazama utabiri wa Teahupo'o usome mstari wa asubuhi peke yake, na ujue kwamba Tahiti iko nyuma yetu kwa saa 12 kamili: saa moja asubuhi kwao ni saa moja jioni kwetu. Kwa Waswahili tofauti hiyo haihitaji hata kugeuza saa ya ukutani.

Kuhusu maji kujaa na kupwa, usihamishe hesabu ya pwani moja kwenda nyingine. Dar es Salaam wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mwamba uliokuwa umefunikwa asubuhi unatembelewa kwa miguu adhuhuri. Pale hakuna utabiri wa mawimbi wenye maana bila jedwali la maji. Tahiti ni mojawapo ya mahali pachache duniani pa namna yake: tofauti ni kama sentimita 30 tu, na kwa kuwa nguvu ya mwezi pale karibu inajifuta, jua ndilo linaloongoza, hivyo maji hujaa karibu na saa sita mchana na saa sita usiku siku zote za mwaka. Mstari wa maji kwenye ukurasa wa Teahupo'o unaweza kuuruka.

Bahati wa Himbi, Goma

Ninawashukuru sana, Mwalimu na Mzee wangu. Sasa ninaelewa kwa nini waandaaji wa Olimpiki walitenga siku kumi, kutoka 27 Julai hadi 5 Agosti, kwa mashindano ambayo yangeweza kumalizika katika siku nne. Walikuwa wanasubiri sekunde na upepo vikutane. Fainali zenyewe zilichezwa siku ile ya mwisho, Kauli Vaast wa Ufaransa akashinda kwa wanaume na Caroline Marks wa Marekani kwa wanawake.

Bado nina mashaka mawili. Inawezekanaje ukurasa ujue wimbi la Ijumaa tangu Jumatatu, wakati mvua ya jioni hapa Goma inatushangaza kila mara? Na Kivu?

Mwalimu wa Fizikia, Bukavu

La kwanza ni jepesi kuliko linavyoonekana. Mvua ya jioni bado haijazaliwa unapoiuliza asubuhi, lakini wimbi la Ijumaa liko baharini tayari. Kundi la mawimbi ya sekunde 16 husafiri takriban kilomita 45 kwa saa, sawa na kilomita elfu moja na kidogo kwa siku, kwa hiyo dhoruba iliyo umbali wa kilomita 4,000 inakupa muda wa karibu siku nne. Setilaiti hupima upepo na kimo cha bahari pale dhoruba ilipo, kompyuta hupiga hesabu ya safari. Mtaalamu wa bahari Walter Munk na wenzake walithibitisha mwaka 1963 kwamba mawimbi ya dhoruba za kusini huvuka Pasifiki nzima mpaka Alaska yakipoteza nguvu kidogo tu njiani. Kinachokosewa mara nyingi ni saa ya kufika, na zaidi ya hapo ni upepo wa mahali penyewe. Kwa siku ya tano mbele mimi ningeamini sekunde na upande wa mawimbi, na upepo ningeusubiri mpaka siku mbili za mwisho.

La Kivu namwachia anayelala juu yake.

Nahodha wa Keshero, Goma

Aksanti, Mwalimu. Papa Bahati, ukurasa wa Teahupo'o hauna kitu cha kukupa hapa isipokuwa namna ya kufikiri. Ziwa letu lina kilomita 90 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na Idjwi imekaa katikati, kwa hiyo hakuna wimbi linalotoka mbali. Kila wimbi la Kivu ni mtoto wa upepo wa saa hiyo hiyo.

Hata hivyo nisingependa usome maelezo ya hapo juu ukadhani kwamba sekunde chache ni usalama. Kwa mtelezaji anayengoja kwenye mwamba, sekunde nyingi ndizo zenye hatari. Kwa mtu aliye ndani ya boti kwenye maji ya kina kirefu ni kinyume. Wimbi la mita 1.8 lenye urefu wa mita 400 linakuinua na kukushusha bila kumwaga chai yako. Huku kwetu wimbi halifiki hata mita moja, lakini mgongo wa pili unakufikia kabla mtumbwi haujashuka kwenye wa kwanza, na maji yanaingia ubavuni. Nimebeba abiria waliowahi kusafiri baharini, na wengi walilalamika zaidi hapa.

Ninachotazama mimi ni utabiri wa upepo, na hasa ile tarakimu ya pili ya mipigo ya ghafla, si wastani. Katika kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini hukaza mchana, nao ukitoka nyuma ya Idjwi una maji wazi ya kilomita 25 hivi kabla ya kufika Goma. Mtu anayetaka kwenda Minova na mizigo aondoke alfajiri. Wakati wa mvua sitegemei ukurasa wowote baada ya saa nane mchana. Wingu likisimama jeusi juu ya milima ya Masisi, ninabaki gatini hata kama simu inaonyesha fundo 4.

Mwalimu wa Fizikia, Bukavu

Nahodha yuko sahihi, na hesabu inamuunga mkono. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukivuma kwa saa nne juu ya zile kilomita 25 unatoa mawimbi ya mita 0.8 na sekunde 4 hivi, yenye urefu wa mita 25. Ukigawanya kimo kwa urefu, wimbi hilo limesimama wima karibu mara saba kuliko lile la Teahupo'o likiwa bado katika bahari wazi. Kanuni hizi zilitungwa kwa ajili ya bahari. Kwenye mita 1,460 za kimo chetu hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15, kwa hiyo toa kidogo, lakini usitoe sana.

Kuhusu simu kuonyesha fundo 4 wakati milima inanguruma: programu nyingi za bure hutumia hesabu za dunia nzima zinazogawa uso wa nchi katika miraba ya kilomita 10 hadi 25 kila upande. Mraba mmoja kama huo unaweza kumeza ufuo wa Goma, sehemu ya ziwa na mteremko wa mlima, kisha ukatoa upepo mmoja kwa vyote vitatu. Tahiti nayo, yenye kilele cha Orohena cha mita 2,241, ina tatizo hilo hilo, na ndiyo maana hata kule watu husoma sekunde kwenye ukurasa na kumpigia simu mkaaji wa ufukweni ili kuuliza upepo. Papa Bahati, namba ya Nahodha unayo?

Bahati wa Himbi, Goma

Ninayo, Mwalimu. Mpwa wangu ameniambia kwamba kwa Jumanne ijayo wameandika sekunde 17 kutoka kusini-magharibi, na upepo bado hawajauweka wazi. Nimemwambia asubiri mpaka Jumapili.