Riwaya ya watoto kuhusu mtoto mpweke na mbwa koko: je, nimbadilishe mbwa awe paka?

Mwandishi wa Ngamiani

Assalam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika riwaya fupi ya watoto wa darasa la nne hadi la sita, na sasa nimefika mahali ambapo siwezi kuendelea bila kusikia rai za wasomaji wengine, hasa wazazi na walimu wa huku mwambao.

Mhusika mkuu ni msichana wa miaka 10, Zaituni. Mama yake amekwenda Muscat kufanya kazi za ndani, naye ametolewa Lushoto na kuletwa Tanga kuishi kwa shangazi yake, Ngamiani, barabara ya 13. Anafika kwa basi la jioni akiwa na mfuko mmoja wa nguo na lafudhi ya Kisambaa ambayo darasa zima linaicheka kila anaposimama kusoma. Alasiri moja anatumwa soko la samaki la Deep Sea kununua vibua, na huko anamkuta mbwa koko, mwembamba, sikio moja limechanika, amelala chini ya meza ya kuparia samaki akisubiri vichwa na matumbo yanayotupwa. Anampa jina la Kibua. Kwao mlimani mbwa hulinda mashamba ya mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe mwitu, kwa hiyo yeye hamwogopi. Lakini kwa shangazi yake mbwa ni najisi, na kizingiti cha nyumba ile hakijapata kuvukwa na mbwa tangu nyumba ijengwe.

Nilimpa mswada rafiki yangu mwenye uzoefu wa vitabu vya shule. Aliusifu, kisha akanishauri nimbadilishe mbwa awe paka, kwa hoja kwamba watoto wa Tanga, Pangani na Bagamoyo hulelewa kumwepuka mbwa na kumrushia mawe, na kwamba wazazi wao watakikataa kitabu. Nilijaribu. Niliandika upya sura tatu nikamweka paka, na sura zikafa mikononi mwangu: paka anaingia ndani bila kuombwa, analala juu ya jamvi, shangazi anamtupia mkia wa samaki, na hakuna mtu aliyelazimika kuamua jambo lolote.

Naomba ushauri wenu wa dhati. Je, nimrudishe mbwa? Na nikimrudisha, nifanyeje ili nisimvunjie heshima shangazi, ambaye simtaki awe mtu mbaya wa hadithi?

Mwalimu wa Makorora

Ndugu mwandishi, mrudishe mbwa wako leo hii. Nimefundisha darasa la tano kwa miaka 11, na kila Januari wapweke huwatambua kabla sijashika majina yao. Mtoto asiye na rafiki hakai pembeni akilia, kama tunavyomchora sisi watu wazima, anajishughulisha. Kengele ya mapumziko ikilia anakwenda bombani, anakunywa maji, anajifuta mdomo, anarudi nyuma ya foleni, anakunywa tena, ili kila anayemwangalia aone mtu mwenye kiu na asione mtu asiye na wa kusimama naye. Ninaye mmoja mwaka huu. Zaituni akionekana bombani namna hiyo kabla hajakutana na mbwa, hutalihitaji neno “upweke” mahali popote katika kitabu, na ningependa usilitumie.

Paka asingefaa kwa sababu hiyohiyo, kwani paka wa Tanga ana nyumba nane za kula. Zaituni na Kibua wanafanana kwa kuwa wote wawili wako mahali wanapovumiliwa tu, na kila mmoja anaangalia mikono ya watu kabla ya kuangalia nyuso zao.

Jambo moja ujiandae nalo. Neno “mbwa” kwa watoto wetu ni tusi zito, na siku kitabu kitakaposomwa kwa sauti, darasa litacheka kila linapotajwa. Usilikwepe. Acha wenzake wamwite Zaituni “mama mbwa” uwanjani, na mwalimu wa hadithi asisikie, maana ndivyo inavyokuwa: sisi walimu hulisikia tusi la tatu, la kwanza hutupita.

Ustadhi

Wa aleikum salaam. Mimi nafundisha madrasa, na bila shaka ni mmoja wa watu ambao rafiki yako aliwahofia, kwa hiyo naomba nimsemee shangazi.

Wengi wetu mwambao huu tunafuata madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Shangazi anayekataa mbwa asiingie anapoweka mswala wake hana roho mbaya. Anailinda sala yake, na msomaji anapaswa kumwelewa tangu ukurasa wa kwanza. Lakini madhehebu hayohayo yanafundisha kwamba kikavu kikigusa kikavu najisi haihami, na mbwa wa kulinda, wa kuchunga na wa kuwinda ameruhusiwa waziwazi. Ama kumrushia mawe mnyama aliyelala kivulini, hilo halimo katika fikihi yoyote niliyoisoma. Ni mazoea yetu, na mazoea hayo yananiuma kila ninapowaona wanafunzi wangu wakitoka chuoni na kuanza kuokota kokoto.

Watoto wa madrasa wanaijua hadithi, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeshuka kisimani akanywa, alipopanda akamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka tena, akajaza maji katika khofu yake, yaani kiatu chake cha ngozi, akaiuma kwa meno ili apande kwa mikono, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Wanaijua pia Sura ya Al-Kahf. Aya ya 18 inawaeleza wale vijana waliolala pangoni na mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele. Amenyoosha wapi? Kizingitini. Na aya ya 22 inapotaja idadi ambazo watu walibishania, watatu, watano au saba, kila mara mbwa anahesabiwa pamoja nao.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kizingiti usikiondoe wala usimvushe mbwa. Mlaze hapo. Mtoto akae ndani, mbwa nje, wasikilizane pumzi kupitia uwazi wa chini ya mlango. Paka hawezi kukupa usiku wa namna hiyo.

Mama Wawili, Chumbageni

Samahanini, mimi natofautiana nanyi. Mwanangu wa pili ana miaka saba na anaiga kila anachosomewa. Akisomewa kwamba Zaituni alimlisha mbwa koko sokoni, kesho nitamkuta jalalani na kichwa cha samaki mkononi. Mbwa wale hawachanjwi na mtu. Ni nani atakayejibu mtoto akiumwa? Mimi kitabu hicho, kama kilivyoelezwa hapa, nisingekinunua.

Afisa Mifugo Mstaafu

Dada yangu wa Chumbageni ameuliza swali lililo zito kuliko yote, na mwandishi hana ruhusa ya kulipita. Nimefanya kazi katika wilaya mbalimbali za mkoa huu, na nimemwona mtoto aliyeumwa na mbwa akafungwa kitambaa cha dawa za miti badala ya kupelekwa hospitali. Sitaki kueleza yaliyofuata.

Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, wanne katika kila kumi wakiwa watoto wa chini ya miaka 15, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishatokea kwa binadamu, kupona ni jambo lisilotarajiwa. Lakini baina ya kuumwa na dalili mara nyingi hupita miezi miwili au mitatu, ingawa wakati mwingine ni siku chache tu, na katika muda huo maradhi yanazuilika: jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe siku hiyohiyo kuanza chanjo. Mbwa mwenyewe, akiwa anajulikana na anaonekana mzima, hufungwa na kuangaliwa kwa siku 10 huku mtoto akiendelea na sindano zake. Akiifikia siku ya kumi akiwa hai na mzima, inajulikana kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku aliyouma. Na mbwa 70 katika kila mia wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea, ndiyo maana kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, watu hupeleka mbwa wao kuchanjwa.

La pili, mwache Kibua awe mbwa. Mbwa aliyerushiwa mawe maisha yake yote hamkimbilii mtoto siku ya kwanza. Anakuja kwa ubavu, mkia chini, anajilamba pua, anapiga mwayo ingawa hana usingizi, kwani mwayo wake ni woga. Ukiinama tu, anatoweka, kwa sababu katika maisha yake kila aliyeinama alikuwa anaokota jiwe. Basi Zaituni aache vichwa vya vibua vianguke kutoka mkononi bila kuinama, arudi nyuma hatua 20, asimame akiangalia pembeni. Kesho arudi nyuma hatua 18. Mambo hayo yachukue wiki nzima na zaidi, na msomaji atahesabu hatua pamoja naye. Siku atakapoinama kufunga kamba ya kiatu na mbwa asikimbie, hutahitaji kuandika kwamba wamekuwa marafiki.

Bibi Mhariri

Mwanangu mwandishi, nimehariri vitabu vya watoto tangu kabla hujaanza kusoma, pengine, na miswada ya mbwa niliyoipokea ilikuwa na kasoro moja: mbwa alikufa katika sura ya mwisho ili mtoto apate funzo. Usimuue Kibua. Mtoto ambaye mama yake yuko ng’ambo ya bahari ameshapoteza vya kutosha.

Bwana Afisa amesema kweli tupu, ila sikubali iandikwe kama bango la zahanati. Iandike kama tukio. Zaituni, kwa haraka ya mapenzi, anyooshe mkono Kibua akiwa anakula, na Kibua amuume. Ndiyo, huyohuyo Kibua. Mama Wawili ataona kwamba humfichi mwanawe kitu. Arudi nyumbani akiuficha mkono katika kanga, shangazi auone. Sasa fikiri, mwanangu: ni nani katika nyumba ile anayejua kuosha? Ni yule yule anayeosha chombo mara saba bila kuruka hata moja. Huyo atamshika mkono mtoto chini ya bomba la uani, sabuni ya kipande, dakika zote 15, mtoto akilia na maji yakitiririka, na hatamwachia. Ukifika hapo, swali lako la kumvunjia heshima shangazi limekwisha.

Halafu siku 10. Mbwa afungwe wapi? Hana kwao. Afungwe kwenye mwarobaini mbele ya baraza, hatua chache kutoka kile kizingiti cha Ustadhi, na mtu wa kumpelekea maji mchana, Zaituni akiwa shule, awe shangazi, ambaye hakuomba kazi hiyo na hana wa kumwachia.

Jambo la mwisho ni la lugha, na Kiswahili kimekupa bure. Mwanzoni shangazi aseme “jibwa hilo limekuja tena”. Asimwite kiumbe, li, li, li, kama jiwe lililowekwa njiani. Katikati ya siku 10 ulimi wake umponyoke aseme “mbwa huyo amekunywa maji”. Usimweleze msomaji kilichotokea. Mtoto wa darasa la nne anaijua tofauti ya “limekuja” na “amekuja” kuliko wewe unavyodhani, na ataisikia.

Mama Wawili, Chumbageni

Ikiandikwa hivyo, na sindano zionekane jinsi zinavyouma, nitakisoma kwanza mimi mwenyewe kisha nitawasomea.

Mwandishi wa Ngamiani

Shikamoo Bibi, na shukrani zangu kwa Mwalimu, Ustadhi, Afisa, na wewe Mama Wawili, ambaye pingamizi lako ndilo lililoifungua hadithi. Zile sura tatu za paka nimezifuta.

Bomba la shule limekwisha kuingia katika sura ya kwanza. Hatua 20 zimekuwa sura ya nne, na nimezihesabu mwenyewe kwa miguu jana jioni pale Deep Sea, kutoka meza ya kuparia hadi ukutani, huku wavuvi wakiniuliza napima nini. Upande wa mbwa nitamtilia Kibua chanjo katika sura ya nane, baada ya siku 10 kumalizika, na nitaiweka tarehe 28 Septemba.

Usiku wa kuamkia leo nimeandika siku ya kumi. Zaituni anarudi kutoka shule mkono ukiwa bado umefungwa bendeji, anamkuta shangazi amekaa barazani anachambua mchele, Kibua amelala chini ya mwarobaini, kamba imelegea. Kwa siku mbili nilikuwa nikimtungia shangazi maneno ya kusema, marefu na mazuri, na yote nimeyaondoa. Sasa hainui macho kutoka kwenye ungo. Anasema, “Kibua kala. Nenda ukanawe, nawe ule.”