Jedwali la ripoti: msomaji asiyeona anasikia namba tupu

Swali
Habari wakuu. Ripoti yangu ya robo mwaka naiandika kwa Word, na mmoja wa wanaoisoma haoni, anatumia NVDA, programu inayomsomea skrini kwa sauti. Anasema kwenye jedwali la mapato anasikia namba tu, hajui ipi ni ya mwezi gani. Mstari wa juu nimeukoleza na kuupaka rangi, majina ya miezi yanaonekana vizuri kabisa. Kasoro iko wapi?

Jibu
Mkuu, mimi pia sioni, na NVDA ndiyo ninayoshinda nayo. Rangi na herufi nzito havinifikii. Ndani ya jedwali nashikilia Control na Alt, nabonyeza mshale wa kulia. Kichwa cha safu kikiwa kimetambulishwa kama kichwa nasikia "Machi, safu ya 4, 480". Kisipotambulishwa nasikia "safu ya 4, 480" basi. Inabidi nipande hadi juu nikaulize safu ya 4 ni ya nini, nishuke tena, na njiani nimeshasahau nilikuwa mstari upi. Jedwali likiwa refu nakata tamaa, namwomba mtu anisomee, na hilo linaniuma kwa sababu kusoma najua.

Weka kielekezi mstari wa kwanza, fungua kichupo cha Layout cha jedwali, bonyeza "Repeat Header Rows". Basi.

Muulizaji
Nimefanya hivyo. Jedwali dogo limekubali, lile kubwa bado.

Jibu
Bila shaka kubwa lina seli zilizounganishwa. Mistari ikiunganishwa, NVDA inaweza kushindwa kuvitambua vichwa yenyewe. Ikishindwa, itabidi msomaji asimame kwenye kichwa na kubonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na Shift na C. Usimwachie kazi hiyo. Zitenganishe, na kama "Kanda ya Kaskazini" inahusu mistari mitatu, iandike mara tatu. Kwa macho huenda ikaonekana kujirudia, kwangu ndiyo raha yenyewe.

Mchangiaji mwingine
Niongezee: ukigeuza kuwa PDF tumia "Save As", usipitie njia ya kuprinti. Ukiprinti, muundo wa jedwali unapotea, hata kazi yote hii inakwenda bure.

Muulizaji
Zilikuwa zimeunganishwa kweli, safu nzima ya kanda. Nimezitenganisha nikamtumia. Amejibu kwamba amelisoma lote mwenyewe, na amekuta jumla ya Februari haijumuishi kanda moja. Narekebisha sasa hivi. Asanteni sana.