Kizazi cha Nana: safari ya kisiwa cha Manda Toto

ALHAMISI USIKU

Maimuna: Masalkheri jamaa. Jumapili imefika na waliotuma pesa ya petroli mpaka sasa ni watatu, mmoja wao ni mimi. Mia tano mia tano. Musinifanye niwaite kwa majina

Maimuna: Na kuondoka ni baada tu ya swala ya alfajiri SI SAA TATU. Ni bamvua, saa nne maji yashakupwa na mlango wa Mkanda haupitiki. Nasema mapema sababu kuna watu humu saa tatu ndo kwanza wanavunja mahamri

Mama Nasra: 👍🏾

Kassim: Petroli mi sitoi, mi ndo nahodha

Maimuna: Nahodha hali?

Fahad Nairobi: Nahodha wa fungu la mchanga 😂

Maimuna: Fahad tafadhali tusianze. Nataka kujua nani anakuja, analeta nini na ana watoto wangapi basi

Twaha Minnesota: 📷 Picha

Twaha Minnesota: Huyo wa koti jekundu ni mimi musicheke

Bakari: Hapo ni wapi mbona kweupe, machimbo ya chumvi?

Twaha Minnesota: Ziwa hilo. Mille Lacs, kutoka Minneapolis kama saa mbili kwa gari, kubwa unaweka visiwa vya Amu na Manda ndani na nafasi inabaki, na lote limeganda watu wanapita juu na magari. Wenzangu wa kazini walinichukua Jumamosi tukavue nkawaambia mimi mtu wa Amu kuvua mtanifundisha nini, wallahi nlijuta

Bakari: Na haikatiki mkatumbukia?

Twaha Minnesota: Hawaendi kichwa kichwa. Wanatoboa wanapima wanasonga mbele kidogo wanapima tena. Mtu kwa miguu inataka inchi 4 za barafu safi, gari inataka kama futi moja, na ile nyeupe nyeupe ya theluji hawaiamini hata ikiwa nene. Shingoni wamevaa misumari miwili ya kushikia ukingo ukizama ujivute utoke

Maimuna: Twaha pole na hongera lakini nimeuliza nani anakuja

Mama Nasra: Mngoje kwanza amalize

Twaha Minnesota: Sasa. Unatoboa tundu la inchi 8 kwa kekee ya mota, unakaa juu ya ndoo, na kila dakika chache tundu linataka kuganda inabidi uchote barafu kwa upawa wa matundu, kama ule wa kutolea mahamri. Baridi ni digrii 20 chini ya sifuri, mshipi ukitoka majini unaganda kwenye vile vipete vya kijiti cha kuvulia nkawa naupuliza kwa mdomo. Mara barafu ikalia kwa kishindo kutoka upande mmoja wa ziwa mpaka wa pili, jamani mi nlikimbia, mguu ukaingia kwenye tundu la mtu mpaka gotini. Kumbe barafu hulia hivyo ikitanuka, wazee wa pale wamekaa na kahawa zao hata kichwa hawainui. Narudi, kijiti changu hakipo, samaki amekivuta kimeingia chote

Fahad Nairobi: 😂😂😂😂 samaki kavua mtu wa Amu

Kassim: Tunaaibishwa mtaani

Lulu: Nana anauliza huyo mtoto alikuwa na soksi

Twaha Minnesota: Jozi tatu Nana 😭

Mama Nasra: Na samaki humo wanaishije kwenye barafu?

Twaha Minnesota: Barafu inaelea juu, chini maji ni maji tu, kule chini kabisa kama digrii 4. Samaki wamepoa hawana haraka wanagusa chambo kidogo usipokuwa makini huhisi kitu. Wanamtaka sana mmoja anaitwa wolai

Mama Nasra: Subhanallah

Maimuna: Subhanallah kweli. PETROLI

Bakari: Mi nshaagiza barafu Mokowe mifuko miwili ya kuwekea samaki. Nilipwe hiyo msiniingize kwenye mia tano

Maimuna: Barafu nani alikutuma?

Bakari: Samaki watakaa kwenye nini

Fahad Nairobi: Twaha akuletee ya bure

Twaha Minnesota: Hiyo sio mwisho. Jumapili wakanipeleka kwenye vijito vya kusini mashariki huko, havigandi kwa vile maji yanatoka chemchemi ardhini, kuna samaki anaitwa trauti. Nkavalishwa suruali ya mpira mpaka kifuani. Ndoana ya kwanza ikanasa kwenye mti, ya pili kwenye kofia yangu, ya tatu nkateleza juu ya jiwe maji yakaingia suruali yote siwezi kusimama, nkatolewa na watu wawili. Na nkapata trauti mmoja! Wakanambia mrudishe

Mama Nasra: Umrudishe wapi?

Twaha Minnesota: Majini. Msimu wa baridi mito ile ni kuvua na kuachia, ndo sheria, na leseni umelipia

Kassim: Ulipe leseni upigwe na baridi halafu umuachie?? Hao wana raha zao

Fahad Nairobi: Trauti si hata mito ya Mlima Kenya wako, Waingereza waliwaleta zamani. Njoo Nyeri uvue bila suruali ya mpira

Lulu: Nana anasema samaki huvuliwa aliwe, kama hamli mwacheni na roho yake. Amekasirika kweli ameweka tasbihi chini

Twaha Minnesota: Mwambie Nana sikuweka mimi hiyo sheria

Maimuna: Huku ni saa tano usiku. Mia tano zilizoingia bado ni tatu

Kassim: Mi afadhali Mkanda kwenye tope kuliko hiyo barafu

Fahad Nairobi: Mkanda kwenye tope unakujua vizuri sana

Kassim: Unataka kusema nini we

Fahad Nairobi: Sisemi kitu. Tulikaa pale mpaka isha na Mama Nasra ana mimba ya miezi saba, anayejua anajua nani alikuwa kwenye simu

Kassim: Na usukani alikuwa nao nani?? Nilikwambia shika dakika moja TU. Propela ilivunjika mkononi mwako na injini ya Ami Shee haikuwa ya kwako wala ya babako

Mama Nasra: Jamani mimi msinitaje

Fahad Nairobi: Ujumbe huu umefutwa

Kassim: Nimeshausoma

Maimuna: Yamekwisha hayo. Nani analeta nazi?

IJUMAA

Maimuna: Jumaa mubarak. Nazi bado

Swabra: 😂😂 huyo Twaha na kofia yake. Ndo nasoma

Maimuna: Swabra unakuja?

Lulu: Asalaam aleikum. Huyu ni Ami Shee anaongea mimi naandika

Lulu: Nimesomewa yote tangu jana. Nimemsikia Twaha asema hao watu hawakanyagi barafu mpaka waipime, na barafu si yao ni ya Mungu. Mashua ni yangu, kati yenu aliyeipima ni nani? Kalafati ya mwisho ya kuziba nyufa nlitia kwa mkono wangu mgongo haujaniuma. Ilipokwama Mkanda nliambiwa ni propela. Propela sikulipwa na sikudai. Ubao wa tini ya mashua umesuguka, hilo sikuambiwa na mtu, nimeuona mwenyewe mai yalipokupwa, kidole chaingia. Na nyinyi mwapanga kutia watoto humo muende Manda Toto na kaskazi hii ya mtana. Mashua haitoki Jumapili. Kassim na Fahad waye nyumbani, waye pamoya

Lulu: Ndo hivyo amesema

Maimuna: Tumesikia Ami

Mama Nasra: Tumesikia Ami. Allah akuweke

Twaha Minnesota: Shikamoo Ami. Ndo naamka huku. Sikujua habari ya ubao. Mi nitatoa pesa ya kalafati na mafuta ya sifa, fundi mtafute nyinyi

Fahad Nairobi: Shikamoo Ami. Mi niko Nairobi lakini, kazi

Lulu: Ami anasema mabasi yapo

JUMAMOSI

Maimuna: Haya. Tangu jana alasiri hakuna aliyesema neno kama kwamba kikundi kimefungwa. Tuna njia mbili. Tukodi boti ya mtu ambayo bei yake mia tano tatu hazigusi, au twende Shela kwa miguu tuvue na mshipi pale pale ufukweni watoto wacheze, bila injini bila ugomvi

Mama Nasra: Shela

Bakari: Shela hupati kitu cha maana mchana, utapata vichangu vya paka. Tungoje maji mafu wiki ijayo ubao uwe umetengenezwa

Maimuna: Wiki ijayo nani ataniletea hawa watu tena Bakari. Nimewakusanya kwa miezi

Swabra: Mi Shela siendi lile jua. Wiki ijayo nina harusi

Maimuna: Sasa Swabra we uko wapi hasa?

Mama Nasra: Waliotuma mia tano zao zitarudi?

Maimuna: Zitakaa kwangu ziwe za kalafati

Mama Nasra: Hatukukubaliana hivyo

Twaha Minnesota: Za kalafati nshasema nitatuma mimi. Mwisho wa mwezi lakini

Bakari: Na barafu? Inakuja na boti ya saa kumi leo, nshalipa nusu

Maimuna: Izuie

Bakari: Barafu inazuiwaje sasa

Maimuna: Kassim umekwenda kwa Ami?

Maimuna: Kassim naona umesoma

Kassim: Niko njiani

Maimuna: Lulu, Kassim ameshafika?

Lulu: Hapana. Ila Fahad amepiga simu kwa Ami wameongea sana mlango ulifungwa sijui wamesemaje

Kassim: Kwani si ilisemwa twende pamoja?