Picha za rangi ya maji za Ufilipino: ni ushahidi au ni bidhaa?

MLETA MADA: Wakuu, karne ya 19, Wahispania wakiitawala Ufilipino, wachoraji wa Manila walichora watu wa kawaida kwa rangi ya maji: mkulima na karabao (nyati wa kulimia) wake, muuza maziwa, mwanamume na jogoo wa kupiganisha kwapani. Ziliitwa tipos del país, yaani "aina za watu wa nchi". Leo watu wanazionyesha kana kwamba ndivyo vijiji vilivyokuwa. Nakataa. Mchoraji Damián Domingo alimchorea mfanyabiashara Rafael Daniel Baboom albamu nzima ya mavazi. Mwaka 1847 José Honorato Lozano akamchorea ofisa wa Kihispania, Gervasio Gironella, albamu ambayo sasa iko Maktaba ya Taifa huko Madrid. Mteja alitaka mavazi, akapewa mavazi.

Tazama zile za kutwanga mpunga. Mchi juu, nguo safi. Aliyewahi kutwanga anajua pumba zinavyoganda kwenye jasho, na shingo inavyowasha hadi usiku.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Unamwonea Domingo, mkuu. Huyo si mgeni, ni chotara wa Kichina wa palepale, na mwaka 1821 alifungua shule ya uchoraji nyumbani kwake Tondo, Manila. Halafu nguo huoza. Bila yeye ungejuaje lile shati la nyuzi za nanasi, jepesi hadi mwili unaonekana, lililoachwa nje ya suruali?

MLETA MADA: Kwenye nguo sina ubishi, nimekubali. Ila Domingo anamsimamisha mtu wake kwenye karatasi tupu. Shamba hakuna, nyumba hakuna. Na ile kazi ya lazima, polo? Wanaume wa miaka 16 hadi 60, siku 40 kila mwaka, kukata magogo, kujenga barabara na makanisa. Zilipunguzwa kuwa 15 mwaka 1884, Domingo ana miaka 50 kaburini. Nioneshe albamu ya mavazi yenye mtu aliyebeba gogo la serikali.

MCHANGIAJI WA PILI: Kwani picha ya pasipoti ina shamba? Mnataka rangi ya maji iwe daftari la kodi, jamani.

MLETA MADA: Hahaha. Pasipoti haidai kuonyesha ninavyoishi, ndugu yangu. Waandike tu chini ya kila picha nani aliiagiza na nani alilipa, kwa herufi kubwa kama za jina la mchoraji. Hapo nitanyamaza.