Nyie mnaorundika alama za kuuliza kwenye mstari mmoja, mnatutesa tunaokuja nyuma yenu

Wakuu, leo salamu fupi tu. Nimekabidhiwa mfumo wa ada wa shule moja, umeandikwa kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, kazi ni kuutoa toleo la 7 la lugha hiyo kuupeleka la 8. Kuuwasha tu, ukurasa mweupe. Nikachimba hadi nikakutana na hiki:

$hali = $deni > 0 ? 'anadaiwa' : $ziada > 0 ? 'ana ziada' : 'amemaliza';

Kwa mgeni: alama ya kuuliza hapa ni ufupisho wa if na else (kama hivi, la sivyo vile). Kabla yake kuna sharti, baada yake jibu la sharti likiwa kweli, na baada ya nukta mbili jibu likiwa si kweli. Aliyeandika hivi aliona kaokoa mistari ya if na else. Haya, tuone kaokoa nini. PHP ya zamani ilikuwa inausoma mstari huu kuanzia kushoto. Mzazi akiwa na deni, sehemu ya kwanza inatoa neno 'anadaiwa', kisha neno hilohilo linageuzwa kuwa sharti la alama ya kuuliza ya pili. Na kwa kuwa si tupu, PHP inalihesabu kuwa kweli. Jibu linalotoka ni 'ana ziada'. Yaani kila anayedaiwa anaambiwa yeye ndiye anayeidai shule! Mhasibu anabishana na wazazi dirishani, nao karatasi wanazo mkononi, zimechapishwa na mfumo wenyewe.

Uchukue mstari huohuo uuweke kwenye lugha nyingine, JavaScript, unatoa jibu sahihi, maana kule unasomwa kuanzia kulia, kama ilivyo kwa lugha za C na Java. Ndiyo maana mtu anazoea lugha moja, anahamia nyingine na mbwembwe zake, hajaribu hata kwa data tatu tofauti.

PHP wenyewe waliona aibu hii. Toleo la 7.4, Novemba 2019, likaanza kuonya. Toleo la 8.0, Novemba 2020, likakataa kabisa: weka mabano au programu haiendeshwi. Huyu bwana onyo hakuliona kwa sababu kwenye index.php, faili la kuanzia la mfumo, kaandika error_reporting(0), amri ya kuzima maonyo yote. Kaziba mdomo wa mfumo, kisha kaondoka zake.

Na si hapo tu. Kuna hii:

echo 'Hali: ' . $amelipa ? 'Ndiyo' : 'Hapana';

Nukta ya kuunganisha maneno inafanyiwa kazi kabla ya alama ya kuuliza. Kwa hiyo sharti linakuwa 'Hali: ' pamoja na chochote kilichofuata, ambalo daima ni kweli. Ripoti nzima ni 'Ndiyo', alipe asilipe.

Halafu hii ndiyo imenichefua zaidi: $faini ?: 5000, yaani chukua faini iliyopo, kama hakuna chukua 5000. Mwanafunzi aliyesamehewa faini, yaani faini yake ni 0, anatozwa 5000, kwa sababu ?: inaichukulia sifuri kama hakuna kitu. Alama ya kutumia hapo ni ??, ipo tangu PHP 7.0 ya mwaka 2015, nayo inaangalia tu kama thamani haipo au ni null, yaani haijajazwa kitu. Miaka yote hiyo! Hapo kuna mtoto kazuiwa mtihani kwa pesa ambayo hadaiwi.

Msiniambie programu iliyofupishwa hivi inaenda haraka zaidi. Mfumo unaosubiri hifadhidata kila ukurasa hautapata faida yoyote unayoweza kuihisi kwa kufuta else. Na msiniambie ndiyo ujuzi. Ken Thompson aliitengeneza lugha ya B, iliyotangulia C, na alama hii ya kuuliza ilikuwamo. Huyohuyo alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha lugha ya Go pale Google, na Go haina kabisa. Maelezo rasmi ya Go yanasema wazi kwamba waliona ikitumika mno kutengeneza misemo isiyoelezeka, na kwamba if na else ni ndefu lakini zinaeleweka zaidi.

Sikatai ufupisho wenyewe. Sharti moja, majibu mawili, thamani inaingia kwenye kigeu (jina linalobeba thamani, kama $rangi), basi: $rangi = $deni > 0 ? 'nyekundu' : 'kijani'. Nami naandika hivyo. Ila majibu yakifika matatu tumia if, au match, muundo wa kuchagua jibu moja kati ya mengi, kama uko PHP 8. Ukishaunganisha maneno na alama ya kuuliza, mabano ni lazima. Na nyie mnaofundisha vijana kwenye makundi ya WhatsApp, acheni kuwasifia kwa kubana mantiki yote kwenye mstari mmoja. Hawa ndio wanapewa mifumo ya hospitali na SACCOS kesho.

Anayetetea kurundika aje hapa na mstari wake, aweke deni, aweke sifuri, aweke null, tuone unatoa nini.